Kamba Ilipofunguliwa Nami Nimo Kisimani

Mtaani kwetu Kisauni, ukitaka kujua watu wanapendana au wanachukiana, hukuwa na haja ya kumuuliza mtu. Ulikwenda kisimani ukatazama kamba.

Kisima kile hakikuwa na mwenyewe. Kilichimbwa na mababu wa mababu, wakachimba, wakachimba, mpaka nadhani waliwasikia watu wa upande wa pili wa dunia wakikohoa, ndipo wakaacha. Ukitupa jiwe asubuhi, unakwenda zako unakunywa chai na mahamri mawili, ukirudi ndipo unasikia chubwi. Na kamba yake vilevile haikuwa ya mtu mmoja. Kila nyumba ilileta kipande chake. Ukihamia mtaani, kabla hujateka hata tone, unasokota kamba ya makumbi ya nazi, urefu wa mikono yako miwili ukiinyoosha, unakwenda kuiunga kwenye kamba ya wenzio watu wakitazama. Basi, umekuwa jirani. Ukizaa, tutakuja. Ukifa, tutakuzika.

Kila kipande kilifanana na mwenyewe. Cha mwenye duka kilikuwa chembamba, kigumu, kimesokotwa kama mtu anayekunja uso. Cha mama wa mahamri kilinuka mafuta. Changu mimi kilikuwa kinene na kimelegea, na msiniulize kwa nini.

Sasa, mtu akiudhika na mtaa, hapigi kelele. Anakuja kisimani, anafungua kipande chake, anakitia begani, anakwenda nacho kwake. Hakuna ruhusa kumzuia. Kamba ya mtu ni ya mtu. Waliobaki wanaunga palipoachana, na kesho yake kila anayeteka inambidi ainame zaidi ili ndoo ifike majini. Mgongo ukikuuma, unajua kuna watu hawasemezani. Mwaka mmoja wa mapenzi kamba ilizidi hata tukawa tunaizungusha mara tatu kwenye gogo la mkoko pale mdomoni mwa kisima, na bado inabaki ya kufungia mbuzi wote wa Kisauni.

Lakini mwaka ule wa kabla ya Uhuru, kamba ilikuwa fupi. Maneno yalikuwa mengi. Mwambao ujitenge, mwambao usijitenge, bendera ipandishwe gani, nani mwenyeji na nani wa kuja. Watu walioazimana makaa ya moto miaka yote wakaanza kuamkiana kwa nyusi. Mama wa mahamri alikuwa ameshaondoa kipande chake kwa sababu ya kuku. Kuku wake alikula unga wa jirani, jirani akamrushia jiwe, basi. Mwaka mwingine tungecheka. Mwaka ule hata kuku alikuwa na siasa.

Na jua nalo likawaka. Maji ya kisima yakashuka mpaka tukawa tunateka tope. Ikabidi mtu ashuke azoe mchanga, mshipa wa maji ufunguke. Akachaguliwa nani? Mimi. Kwa sababu jana yake, kwenye baraza ya duka, nilijitapa kwamba kisima kile mimi naweza kukizoa kwa kijiko cha chai.

Aliyesimamia kazi ni mwenye duka mwenyewe. Mzee wa ukoo wa zamani, mtaa mzima tukimwita Ami. Fimbo mkononi, makubadhi miguuni, na kilemba kichwani ambacho hakuna kiumbe aliyewahi kumwona hana. Tulikuwa tukisema alizaliwa nacho, mkunga akapata taabu. Chini yake walikuwa wanaume wawili wa mtaani, wa kuvuta ndoo.

Nikashuka. Nusu ya juu ya kisima ni jiwe, lina vidato vya kukanyagia. Nusu ya chini ni mchanga mtupu, hauna pa kushika, huko unateremka kwa kamba. Nilikuwa nimejifunga leso ya mke wangu kiunoni, sikutaka kuchafua kikoi changu. Yeye hakuwa na habari. Nikafika chini, nikatazama juu, mbingu imekuwa ndogo kama sahani ya kahawa.

Kazi ikaenda vizuri. Mimi najaza tope, wao wanavuta, wanamwaga, ndoo inarudi. Nikaimba nyimbo zote ninazozijua na mbili nisizozijua. Mara nikapiga jembe pembeni, nikasikia kitu baridi kinanilamba kisigino. Maji! Mshipa umefunguka. Nikapiga kelele ya furaha, ndoo ikapanda imejaa, nikangoja irudi.

Haikurudi. Nikasikia kengele ya baiskeli.

Nikamjua. Alikuwa jirani yangu wa bara, mpangaji wa chumba cha nyumba ya pili kutoka kwangu, anatoka kazini kiwandani Changamwe, zamu ya usiku. Yeye na mimi tulikuwa watani. Mimi nikimwambia kwao wanaogea vumbi, yeye akiniambia mimi nikianguka ardhi ndiyo inayoumia. Alipohamia, kipande chake cha kamba alikisokota vizuri, tena akakiunga kwa fundo kubwa kama ngumi, la namna ya kwao.

"Hamjambo hapo?" akasema.

"Hatujambo," Ami akajibu, sauti ya mtu anayetema mbegu. "Ila fundo lako hili latutesa. Kila likifika kwenye gogo lakwama. Fundo la kufungia mbuzi."

"Mzee, hiyo fundo imebeba maji ya chai yako mwaka mzima."

"Maji ya kisima cha babu zangu."

"Kisima ni ya babu zako. Na kamba?"

"Kamba ukiondoa kipande chako sasa hivi, sisi tutateka. Twaliteka hapa kabla hujajua bahari ina chumvi, yakhe."

Mimi huko chini nikasimama na jembe langu, mdomo wazi. Nikasema moyoni, Ami, nyamaza. Mtani, mche Mungu, nenda ukalale.

"Haya mzee," mtani akasema polepole. "Basi nachukua yangu, mteke kama mlivyoteka zamani."

Nikasikia krrr, krrr. Ile sauti kila mtu wa mtaa wetu anaijua, makumbi yanapofunguliwa fundo. Nikapiga kelele, "Mtani! Mimi nimo humu!" Lakini sauti ndani ya kisima hupanda ikizunguka, inagonga huku na huku, ikifika juu haijulikani ni ya mtu ama ya nani. Yeye aliniapia baadaye kwamba alidhani ni punda wa mchukuzi wa maji.

Ami, lakini, alijua ni nani. Na wale wavutaji wawili walijua. Neno moja tu, "Kuna mtu ndani," lingemsimamisha. Ila kulisema lile neno ilikuwa sawa na kusema, tafadhali usiondoe. Wavutaji wakamtazama Ami. Ami akatazama vilele vya minazi. Mtani akatia kamba yake begani, akasukuma baiskeli, kengele ikilia kila akikanyaga shimo, ngri, ngri, mpaka nikawa siisikii.

Wallahi nimekaa duniani, nimekutana na chatu, nimekutana na mama mkwe aliyekasirika. Sijaona kitu cha kutisha kama kimya kile.

Wakaunga ncha mbili zilizoachana, wakateremsha. Kamba ikaja, ikaja, ikasimama. Juu ya kichwa changu kabisa. Nikanyoosha mikono, nikasimama kwa vidole. Kati ya vidole vyangu na kamba mtu mzima angeweza kusimama, tena amevaa tarbushi.

"Shika!" wakaniambia.

"Nishike nini? Hewa?"

"Ruka!"

"Nirukie wapi, nimezama mpaka magotini!"

Kweli, nilikuwa nazama. Maji yakiingia yalilainisha mchanga, na mimi nilivyo mzito, chini yangu ikawa uji. Juu ya hayo, ubavu wa kisima ukaanza kumeguka. Bonge la mchanga likaanguka karibu yangu, pu! Jingine nyuma yangu, pu! Kila mchanga ukianguka chini, maji yanapanda. Yaliniambaa mapajani, yakaja kiunoni. Nikiondoa mguu mmoja, wa pili unazidi kwenda. Na ile kamba naiona pale pale, imesimama, kama mtu anayekutazama tu.

Mke wangu akafika, amesikia makelele. Akainamisha kichwa, ile sahani ya mbingu ikaingia giza.

"Baba watoto! Umefanyaje?"

"Kamba haifiki!"

"Imekuwaje haifiki, nawe umeteremkia hiyo hiyo?"

Ami akakohoa. Akatazama vizuri akasema, "Na hiyo si leso yangu mpya?"

"Hiyo hiyo!"

"Toka kwanza, nitakuua mwenyewe."

Mmoja wa wavutaji akatumwa mbio kwa mtani. Sasa sikilizeni mambo ya wanaume. Alifika, akagonga mlango. Akaona haya kusema kwamba tulimwacha mtu afungue kamba hali mwenzetu yuko ndani, maana ingekuwa ni kumvunjia Ami heshima. Akasema tu, "Kamba yatakiwa kisimani." Mtani akajibu kutoka kitandani, "Mwambie mzee ateke kama zamani," akajifunika shuka. Mvutaji akarudi mikono mitupu, akasema, "Amekataa."

Nikasikia lile neno likishuka kisimani. Amekataa. Maji yalikuwa tumboni. Nikaanza kuwahesabu majirani, nani atasikitika kweli na nani atakuja kwa ajili ya pilau.

Hapo nikasikia sauti ya mama wa mahamri, inakuja huku inatukana. Alikuwa ameanua nguo zake zote na kuzitupa chini, akafungua kamba ya kuanikia, ndicho kile kipande chake alichokiondoa kwa ajili ya kuku. "Mimi sikumtuma kuku wangu ale unga wa mtu!" anapiga kelele. "Lakini huyu aliyemo humu hajamla kuku wangu pia! Pisheni!" Akaiunga mwenyewe, hakumpa mwanamume hata mmoja.

Kamba ikashuka tena. Nikanyoosha mkono, kidole changu cha kati kikagusa ncha yake. Nakwambieni, kamba ile inanitekenya na siwezi kuishika. Nikasema, kidogo tu jamani, kidogo! Wakalala kifudifudi mdomoni mwa kisima kuipata ile kidogo. Mara pu! Bonge kubwa kuliko yote likaanguka, mchanga ukanimeza mpaka mapajani, na kidole kikawa hakigusi tena. Maji kifuani.

Mtu wa pwani asiyejua kuogelea nilikuwa mimi peke yangu, kutoka Likoni mpaka Lamu. Na hata ningejua, mchanga ulikuwa umenishika miguu kama mdai.

Ndipo Ami akafanya jambo ambalo mimi sikuliona, nilihadithiwa. Akavua kilemba. Watu wakageuza nyuso, kama wamemkuta msalani. Akakikunjua, kitambaa kirefu cha baba yake marehemu, akakifunga kwenye ncha ya kamba kwa mikono yake. Kikaja chini cheupe kama malaika. Nikakidaka, nikakizungusha mkononi, nikasema, vuta! Wakavuta. Nikasikia mchanga unaniachia mguu mmoja, nikaanza kumshukuru Mungu, na kabla sijafika kwenye jina lake, kilemba kikasema chwaaa. Nikarudi chali. Nilikunywa maji siku ile ya kutosha mtaa mzima mpaka mvua. Niliposimama, yalikuwa shingoni.

Mke wangu akaacha mzaha. Akasimama mbele ya Ami.

"Ami, nakuheshimu kama baba. Lakini mume wangu akifia humu, maiti sitaitoa. Itabaki humu humu na nyote mtainywa. Mimi nakwenda kwa huyo bwana kupiga magoti."

Ami akaweka fimbo mbele yake. "Kaa. Semezana na mumeo. Aliyemfukuza ni mimi."

Nikasikia makubadhi yake, kwaa kwaa, halafu sikuyasikia tena, nikadhani amesimama. Kumbe ameyaacha njiani anakimbia miguu mitupu. Ami! Mtu ambaye hata simba angetoka Bombolulu, simba ndiye angemngoja yeye apite.

Mke wangu akalala kifudifudi ukingoni.

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Leo nimepika samaki wa nazi."

"Nibakishie."

"Kichwa nakula mimi."

"Kichwa si mila ya mwanamke ku..." Hapo nikakatisha, maana maji yalifika kidevuni na nikifungua mdomo yanaingia. Nikafumba. Mimi, kufumba mdomo! Mke wangu akaniita, simjibu. Akaniita tena. Mama wa mahamri akaanza kulia kwa sauti, anasema, "Amenyamaza! Huyu hajanyamaza hata siku aliyozaliwa, amekufa!" Nami pale chini nimeinua pua juu kama kiboko, nasikia msiba wangu mwenyewe na siwezi kuwakatiza. Na kweli nilianza kuogopa. Si kwa maji tu. Niliwaza, kumbe nikifa leo, hakuna aliyeniua. Kila mmoja amefanya haki yake. Mmoja amesema lake, mmoja amechukua chake, wawili wametii mkubwa wao.

Halafu nikasikia miguu. Ya watu wawili, mmoja anapumua kama mvukuto, na mke wangu akimlilia wa pili, "Mume wangu yumo humu!"

"Mtani! Uko?"

Nikampulizia mapovu majini.

"Mzee, ulijua yuko ndani ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

Basi. Hawakusemezana zaidi ya hapo juu ya jambo lile, siku ile wala siku nyingine. Nikasikia krrr, safari hii ya kufunga, na mikono minne inagombana juu ya fundo moja.

"Kaza."

"Kaza wewe, mzee, mimi nimeshika."

"Pitisha tena huku. Ni lile fundo lako la mbuzi?"

"Ni hilo hilo la mbuzi. Na mbuzi mwenyewe ni mnene."

Kamba ikaja. Ikapita uso wangu, ikaingia majini, nikaizungusha kwapani mara mbili, nikaishika na kwa meno pia. Wakavuta wote, Ami na mtani mbele, wanawake nyuma. Mchanga haukutaka kuniacha. Nikahisi kila kipande kinalia, cha mama wa mahamri, changu, cha Ami, na lile fundo la mwisho linajibana, linajibana, nikasema likiachia hili, tena basi. Mara kikasikika kishindo kama kizibo cha chupa, miguu ikachomoka, na mimi nikapanda.

Leso ilibaki kule chini. Nilitoka kisimani kama nilivyotoka tumboni mwa mama yangu. Wanawake waligeuka, wengine upesi, wengine si upesi sana.

Kilichosemwa pale mlangoni kwa mtani mpaka leo kina hadithi mbili. Ami alisema alimwamrisha. Mtani alisema mzee alimwomba. Mke wa mtani, ambaye ndiye aliyefungua mlango, aliniambia wote wawili waongo. Mzee hakusema hata neno, hakuwa na pumzi. Alisimama tu kizingitini, miguu mitupu, kichwa wazi, kipara kinang'aa juani. Mtani alitoka kuja kumpa maneno yake, akakiona kile kichwa. Alinyakua kamba, akatoka mbio na kaptula ya kulalia.

Uhuru ukaja, tukala, tukacheza, na haukupita muda mtani akapata nyumba Changamwe karibu na kazi yake. Siku ya kuhama akaja kisimani kuchukua kipande chake, ndiyo desturi, anayehama huhama nacho akaunge kwingine. Mimi nilikuwepo. Ami alikuwepo, kilemba kipya kichwani.

Mtani akashika lile fundo, lililounga kipande chake na cha Ami. Halikufunguka. Akaingiza msumari, halikufunguka. Akalitia meno. Makumbi yakilowa yakavutwa na mzigo, hujifunga yakawa kama jiwe, na mzigo uliolivuta lile fundo mnaujua.

"Huyu mnene ndiye aliyelikaza," mtani akasema, ananitazama kwa hasira.

Ami akatoa kisu dukani kwake. Akampa. "Kata."

"Nikikata, mzee, nitaharibu yako au yangu."

"Kata upande wangu."

"Yako itakuwa fupi."

"Nitainama," Ami akasema.

Mtani akakishika kile kisu, akakigeuza huku na huku. Kisha akakiweka juu ya gogo, akamwambia Ami, "Shikamoo, mzee," jambo ambalo hakuwahi kumwambia. Akapanda baiskeli. Ngri, ngri, mpaka barabarani.

Ami akaita, "Marahaba," lakini kwa kuchelewa, sijui kama alisikia. Akaniona namtazama. "Nawe wangoja nini? Teka maji, utupishe."

Nikateka. Ndoo ilifika majini nami nimesimama wima.